Hermann Lehmann: mkimbizi aliyechunguza damu ya mataifa



Kila mwaka, tarehe 19 Juni, dunia inawakumbuka wagonjwa wa SS. Wataalamu wanauita ugonjwa huu drepanositozi, na ndugu zetu wa Tanzania wanauita selimundu. Lakini hapa Maniema, tangu Kasuku na Mikelenge mpaka ng'ambo ya mto kule Alunguli, tunasema tu: mtoto huyu ni SS. Hakuna parokia yetu isiyojua habari hiyo. Mtoto analia usiku kwa maumivu ya mifupa. Mikono na miguu inavimba, macho yanakuwa ya manjano. Anatiwa damu mwezi huu, na mwezi ujao anarudishwa hospitali tena.

Halafu maneno yanaanza. Mmoja anauliza ni nani katika ukoo anayekula damu ya mtoto. Familia ya bwana inasema bibi ameleta damu mbaya kutoka kwao. Mwingine anataja kabila la mama. Na kuna nyumba ambamo mtoto mwenyewe, aliyekonda na kubaki mfupi kuliko wadogo zake, ndiye anayeitwa mchawi.

Safari hii tumeona vema kuwasimulia maisha ya mtu mmoja ambaye alifukuzwa katika nchi yake kwa sababu ya maneno ya namna hiyo juu ya damu, naye akatumia miaka yake yote akichunguza damu inasema nini kweli. Jina lake ni Hermann Lehmann. Hatuandiki habari zake kana kwamba alikuwa mhubiri; alikuwa mganga na mtu wa laboratuari. Lakini kazi yake ilipita karibu na mpaka wetu, na matunda yake yanaweza kuwasaidia wachungaji, wamama wa kanisa na vijana wanaojiandaa kuoana.

Kijana aliyekataliwa kwa ajili ya damu

Hermann Lehmann alizaliwa tarehe 8 Julai 1910 katika mji wa Halle, Ujerumani. Waprotestanti wengi wanaujua mji huo, kwa sababu ndipo August Hermann Francke alipoanzisha nyumba yake ya yatima mwishoni mwa karne ya 17, na kutoka Halle wamisionari walitumwa mpaka India. Baba yake Lehmann alikuwa mchapishaji wa vitabu. Jamaa yao ilikuwa na asili ya Kiyahudi.

Kijana huyu alisoma udaktari katika vyuo vikuu vya Freiburg, Frankfurt, Berlin na Heidelberg. Alikuwa bado masomoni wakati Hitler alipotwaa utawala mwaka 1933. Tangu hapo mtu hakuulizwa tena anajua nini au ametenda nini. Aliulizwa babu yake ni nani. Mwaka 1935 serikali ile ilitunga sheria iliyoitwa, kwa jina lake lenyewe, sheria ya kulinda damu ya Wajerumani. Mkristo mwenye bibi na babu wa Kiyahudi alihesabiwa kuwa mtu wa damu nyingine, hata kama alibatizwa utotoni. Ni aibu kwa makanisa ya Ujerumani kwamba wengi ndani yake walinyamaza, na wengine wakashangilia.

Lehmann hakuweza kupata ruhusa ya kuwa daktari katika nchi aliyozaliwa. Alivuka mpaka kwenda Basel, Uswisi, akapokea shahada yake ya udaktari huko mwaka 1934. Kisha akarudi Heidelberg kufanya utafiti chini ya Otto Meyerhof, mwanasayansi Myahudi aliyekuwa amepewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922. Lakini mlango ulizidi kufungwa. Mwaka 1936 alihamia Cambridge, Uingereza, katika idara ya Frederick Gowland Hopkins, mmoja wa wagunduzi wa vitamini. Alikuwa na miaka 26.

Sisi watu wa Maniema hatuhitaji kuelezwa sana ukimbizi ni nini. Tunajua mtu anavyofika ugenini na cheti ambacho hakitambuliwi, na lugha ambayo anaiongea kwa kusitasita. Lehmann alianza upya, akapata shahada ya pili huko Cambridge mwaka 1938. Halafu vita ikalipuka. Mwaka 1940 Waingereza waliwakusanya Wajerumani waliokuwa kwao na kuwaweka kambini, bila kutofautisha vizuri kati ya aliyemtumikia Hitler na aliyemkimbia. Lehmann alipelekwa kambi ya Huyton, karibu na Liverpool. Kwao aliitwa si Mjerumani. Ugenini akafungwa kwa kuwa ni Mjerumani.

Alipofunguliwa hakukaa na uchungu. Alikwenda kuhudumu hospitalini, mwaka 1942 akamwoa Benigna Norman-Butler, na mwaka 1943 akaingia katika idara ya uganga ya jeshi la Uingereza. Jeshi likamtuma India.

Jinsi damu inavyokua

Huko India alikutana na adui ambaye alipigana naye mpaka uzeeni: upungufu wa damu. Ili tuelewe kazi yake, inafaa tueleze kwanza jinsi damu inavyotengenezwa.

Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ya chembe ndogo sana ambazo jicho peke yake haliwezi kuziona. Kiwanda chake kimo ndani ya mifupa, katika uboho. Kila chembe nyekundu hukua humo, ikajazwa hemoglobini, ndiyo mchukuzi wa hewa tunayovuta, kisha ikatoka kwenda kazini. Huzunguka mwilini kwa siku kama 120, ikachoka, ikavunjwa, na nyingine ikachukua nafasi yake. Kiwanda hicho hakilali. Lakini kinataka chakula: chuma, protini, na vitamini iitwayo asidi ya foliki, ambayo tunaipata katika majani mabichi kama sombe na lengalenga. Minyoo ikinyonya damu, malaria ikivunja chembe, au chakula kikikosa vitu hivi, damu inapungua.

Huo ni upungufu unaotoka nje. Lakini kuna mwingine ambao mtu anazaliwa nao. Katika ugonjwa wa SS, hemoglobini yenyewe imeumbwa kwa namna tofauti kidogo. Ikipoteza hewa, inajipanga kama fimbo ndani ya chembe, na chembe iliyokuwa ya mviringo na laini inakuwa ngumu na kupindika kama mundu. Chembe hizo zinakwama katika mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu yanapotoka. Tena zinaishi siku 10 mpaka 20 tu. Kiwanda cha uboho kinakimbia mchana na usiku, wala hakiwezi kufidia kinachovunjika. Ndiyo maana mtoto wa SS ni mweupe wa viganja na wa manjano machoni. Hakuna mtu anayekula damu yake. Damu yake inavunjika yenyewe kabla ya wakati.

Miaka miwili Makerere

Vita ilipokwisha, Lehmann alipata nafasi ya utafiti katika chuo cha Makerere, Kampala, tangu mwaka 1947 mpaka 1949. Alikuja kuchunguza upungufu wa damu kati ya watu wa Uganda. Huko alishirikiana na daktari Alan Raper, mtaalamu wa laboratuari aliyekuwa akifanya kazi Uganda. Wawili hao walijiwekea swali moja: chembe za mundu zinapatikana kwa watu wangapi, na wapi?

Njia yao ilikuwa nyepesi. Tone la damu linawekwa juu ya kioo na kunyimwa hewa, kisha linatazamwa kwa hadubini. Kama mtu anayo hemoglobini hiyo, chembe zake zinapindika mbele ya macho yako. Walipima watu wa makabila mengi ya Uganda, na mwaka 1949 wakatangaza matokeo katika jarida la Nature. Sehemu nyingine hali hiyo ilikuwa karibu haipo. Sehemu nyingine ilikuwa nyingi. Na mahali pamoja ilishangaza dunia: kati ya Baamba, katika kila watu 100, watu 45 hivi walikuwa nayo.

Tafadhali tazameni ramani. Baamba wanakaa Bundibugyo, chini ya milima ya Ruwenzori, katika bonde la mto Semliki, mahali ambapo Uganda inapakana na Kongo yetu. Mto ule ni mpaka wa serikali, lakini pande zote mbili kuna watu wa ukoo mmoja, msitu mmoja na mbu wale wale. Kwa hiyo habari ya Baamba ni habari ya jirani zetu wa karibu, na ni habari yetu sisi wa msitu wa mashariki.

Watu hao 45 katika 100 hawakuwa wagonjwa. Walilima, walizaa, walizeeka. Hapo palikuwa na fumbo, na mwaka ule ule wa 1949 fumbo hilo lilifumbuliwa na watu kadhaa waliokuwa mbalimbali. James Neel, Marekani, na daktari E. A. Beet, aliyekuwa akifanya kazi Northern Rhodesia, yaani Zambia ya leo, kila mmoja alionyesha kwamba mtoto mgonjwa anakuwa mgonjwa kwa sababu amepokea urithi huo mara mbili: mara moja kwa baba, mara moja kwa mama. Aliyepokea mara moja tu ni mzima. Huyo ndiye tunamwita AS. Aliyepokea mara mbili ni SS. Asiyepokea hata mara moja ni AA. Mwaka huo huo pia Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba tatizo limo katika hemoglobini yenyewe.

Kabila au mbu?

Mwanzoni Lehmann na Raper walifikiri kwamba chembe za mundu zinaweza kuwa alama ya makabila: kwamba ukijua ni watu gani wanazo, utajua wametoka wapi na wameoana na nani. Fikra hiyo ilikuwa ya kawaida siku zile. Lakini mambo yaliyopatikana yalizidi kuikataa kuwa jibu la pekee.

Mwaka 1952 Lehmann, pamoja na Marie Cutbush, alitangaza kwamba chembe zile zile zinapatikana kusini mwa India, kati ya watu wa milima ya Nilgiri. Zilionekana pia Ugiriki, na katika miji ya visima ya Uarabuni. Wazungu wengi walikuwa wamezoea kuuita ugonjwa huu ugonjwa wa watu weusi. Lehmann alikuwa mmoja wa waliobomoa maneno hayo kwa ushahidi, tone kwa tone.

Basi kama si kabila, ni nini? Aliyelijibu swali hilo alikuwa kijana mwingine, Anthony Allison, aliyelelewa Kenya. Aliona kwamba AS ni wengi pale penye malaria nyingi, kama pwani na karibu na ziwa Victoria, na ni wachache katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alitangaza hesabu aliyoifanya kwa watoto 290 wa Uganda. Kati ya watoto 43 wenye AS, 12 walikuwa na vijidudu vya malaria katika damu. Kati ya watoto 247 wasio na AS, 113 walikuwa navyo. Yaani AS inamkinga mtoto kwa sehemu dhidi ya malaria kali. Kwa vizazi vingi, mahali penye mbu, watoto wa AS waliokoka zaidi, wakakua, wakazaa, wakarithisha.

Hapo tunaelewa kwa nini ugonjwa huu umejaa katika bonde la Lualaba. Si laana ya kabila fulani. Ni alama ya vita vya mababu zetu na malaria, na karibu kila kabila la Maniema, Warega, Wakusu, Wasongola, Wazimba, Wabangubangu na wengine, wamekaa na mbu yule yule. Lakini tusikosee hapa: anayekingwa ni AS. Mtoto wa SS hana kinga hiyo. Malaria inamwangusha haraka kuliko wengine wote.

Sanduku za damu kutoka kila nchi

Aliporudi Uingereza, Lehmann alifanya kazi kwanza Kent, kisha katika hospitali ya St Bartholomew's mjini London tangu mwaka 1951. Mwaka 1963 akarudi Cambridge kuongoza kitengo kilichoshughulika na hemoglobini zisizo za kawaida. Shirika la Afya Duniani liliifanya laboratuari yake kuwa kituo cha kimataifa cha kazi hiyo. Madaktari waliotatizwa na mgonjwa, awe wa Asia, Afrika au Ulaya, walimtumia damu kidogo katika chupa, naye pamoja na wenzake walitafuta hemoglobini hiyo imebadilika wapi.

Na badiliko lenyewe ni dogo ajabu. Mwaka 1956, huko huko Cambridge, Vernon Ingram aligundua kwamba katika ugonjwa wa SS kosa ni kipande kimoja tu. Hemoglobini imejengwa kwa nyuzi ndefu. Uzi mmoja wa aina inayohusika una vipande 146 vilivyopangwa kwa utaratibu. Kipande cha sita kimebadilishwa, basi. Kinachomliza mtoto usiku kucha ni herufi moja katika neno refu.

Lehmann alishirikiana pia na Max Perutz, aliyechora umbo zima la hemoglobini, na mwaka 1968 wawili hao walieleza jinsi badiliko katika sehemu fulani ya hemoglobini linavyoleta ugonjwa wa namna fulani. Tunapenda msomaji atambue jambo hili: Lehmann alitoka Halle, Ingram alizaliwa Breslau, Perutz alizaliwa Vienna. Wote watatu walitoka katika nchi zilizotawaliwa na watu wa damu safi, na Uingereza iliwapokea. Wale waliohesabiwa kuwa na damu mbaya ndio waliotufundisha damu.

Mwaka 1967 Lehmann alifanywa profesa Cambridge, na mwaka 1972 alipokelewa katika Royal Society, jumuiya kuu ya wanasayansi wa Uingereza. Alifariki Cambridge tarehe 13 Julai 1985, siku tano baada ya kutimiza miaka 75.

Maneno haya yanatuhusu nini?

Yanatuhusu sana, wapendwa, kwa sababu miaka zaidi ya 70 imepita tangu mambo haya yajulikane, na bado katika nyumba zetu mama anafukuzwa peke yake kwa urithi ambao baba ametoa nusu yake.

Hesabu ni hii. Kama baba ni AS na mama ni AS, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne kwamba mtoto atakuwa SS, nafasi mbili kwamba atakuwa AS kama wazazi wake, na nafasi moja kwamba atakuwa AA. Ni kila mimba. Si kwamba akizaliwa mmoja wa SS, watatu wanaofuata ni salama. Kama mzazi mmoja ni AA, hawatazaa mtoto wa SS. Mtoto hapati SS kwa mama peke yake. Kwa hiyo baba anayemrudisha mke kwao kwa sababu ya mtoto wa SS anajihukumu mwenyewe katika hukumu hiyo hiyo.

Tena si jambo la nyumba chache. Katika upimaji wa watoto wachanga zaidi ya 31,000 mjini Kinshasa, uliotangazwa mwaka 2009, karibu 17 katika kila 100 walikuwa AS, na zaidi kidogo ya mmoja katika 100 alikuwa SS. Katika ibada ya Jumapili iliyojaa watu, AS wengi wamekaa kwenye mabenchi pamoja nasi, wanaimba, nao hawajijui.

Juu ya watoto wanaoitwa wachawi, tuseme wazi. Sheria ya nchi yetu namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda mtoto, inamwadhibu anayemshtaki mtoto kwa uchawi. Lakini kabla ya sheria ya serikali, Mkristo anayo Injili ya Yohana sura ya 9. Wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alilikataa swali lenyewe, akamwendea yule mtu kumsaidia. Mtume Paulo naye, alipohubiri Athene, aliwaambia wenye hekima wa mji ule kwamba Mungu amefanya mataifa yote kutoka kwa mmoja. Tukiwa na mafundisho hayo mkononi na bado tunamtenga mtoto kwa ajili ya mifupa yake inayouma, au mke kwa ajili ya kabila lake, tutajibu nini?

Mambo matano ya kufanya

Kwanza, vijana wapimwe mapema. Si wiki ya arusi, wakati mahari imekwisha kutolewa na nguo zimeshonwa. Hapo ukweli unakuja kama adui. Wapimwe kabla ya uchumba, na mafundisho haya yatolewe kwa vijana wote, si kwa wachumba tu.

Pili, wajue wamepimwa nini. Kipimo cha Emmel, ambacho kinafanyika katika vituo vingi, kinaonyesha kama chembe zinapindika, lakini hakitofautishi vizuri AS na SS. Kinachotofautisha ni elektroforezi ya hemoglobini, na siku hizi kuna pia vipimo vya haraka vya tone moja la damu. Mtu asivunje uchumba wala asiogope kwa jibu ambalo halijakamilika.

Tatu, mchungaji asitumie kipimo kama fimbo. AS wawili wanaopendana wanahitaji ukweli, maombi na muda wa kuamua wenyewe. Na majibu ya damu ni siri yao. Hayasomwi mimbarani wala hayapiti katika kikundi cha simu. Wanandoa ambao wamekwisha kuzaa mtoto wa SS wasiambiwe wameoana vibaya. Waambiwe jinsi ya kumtunza.

Nne, tumtunze mtoto. Anywe maji mengi. Asikae kwenye baridi wala asinyeshewe na mvua. Alale ndani ya chandarua kila usiku. Apate chanjo zote, na asidi ya foliki kama mganga anavyoandika, kwa maana uboho wake unafanya kazi mara nyingi kuliko wetu. Wadogo wanaandikiwa pia dawa ya kuzuia maambukizo. Homa kwa mtoto wa SS si jambo la kungojea asubuhi, wala si jambo la kumpeleka kwanza kwenye chumba cha maombi. Mpelekeni hospitali, na waombaji waende naye. Kuna pia dawa ya hidroksiurea. Utafiti uliofanyika katika nchi nne, Kongo yetu ikiwa mojawapo kwa njia ya Kinshasa, na kutangazwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto walioitumia chini ya uangalizi wa waganga walipata maumivu machache, malaria chache na vifo vichache, na walihitaji kutiwa damu mara chache. Ulizeni waganga wenu.

Tano, tutoe damu. Mtoto anayehitaji kutiwa damu usiku hawezi kungoja ndugu asafiri kutoka Kibombo au Kasongo. Mkristo mzima aliyepimwa na kukutwa salama anaweza kumpa jirani chupa moja, na uboho wake mwenyewe utairudisha. Damu hiyo haiulizi kabila. Inauliza kundi, kama O, A, B au AB.

Hermann Lehmann hakuja Kindu. Lakini miaka miwili aliyokaa Makerere, akitazama matone ya damu ya watu ambao hata majina yao hayakuandikwa katika kitabu, ilimsaidia yeye na wengine kuondoa uongo mmoja mkubwa: kwamba kuna damu ya watu wazuri na damu ya watu wabaya. Uongo huo ulimfukuza yeye kutoka Ujerumani. Kwetu umevaa nguo nyingine, lakini bado unawafukuza wamama kutoka nyumbani na watoto kutoka mezani.

Tunaomba kila parokia ya mtandao wetu itenge Jumapili moja karibu na tarehe 19 Juni, imwalike muuguzi au mganga afundishe, na iwaite mbele watoto wa SS pamoja na baba zao na mama zao, wote wawili, kuombewa. Bwana aliyeumba uboho na damu awape nguvu, na atupe sisi macho ya kuwaona kama anavyowaona yeye. Amina.